Gitaa kuukuu, bei ya ghorofa!

Juzi usiku nimekaa zangu nje napunga upepo, mara mdogo wangu mmoja wa pale mtaani akanijia mbio kama anayefukuzwa na mgambo. Huyu kijana ni mcharazaji wa solo katika bendi inayotumbuiza wikiendi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mkononi kashika simu. "Kaka, zali limenidondokea," ananiambia huku akihema. "Hebu cheki mwenyewe."

Nikacheki. Picha ya gitaa. Katikati lina rangi ya embe lililoiva, pembeni wekundu unaofifia, mgongoni limekwanguka utadhani limeburutwa kutoka Ubungo mpaka Kimara. Muuzaji, ambaye yuko nchi za mbali, anadai ni Gibson Les Paul ya mwaka 1959, mali ya marehemu babu yake, na kwa kuwa ana shida ya haraka anataka dola 1,800 tu. Kijana alikuwa keshapiga hesabu zake zote. Pikipiki anauza, akiba anavunja, na kiasi kinachopungua atakopa kwa kaka yake. Yaani mimi! Ndipo nikaelewa kwa nini salamu zilikuwa tamu vile.

Nikamwambia, kaa chini kwanza unywe chai. Na nyinyi wasomaji wangu kaeni, maana kisa cha hilo gitaa ni kirefu na ni kitamu, na kuna mahali kinamhusu kila kijana ambaye amewahi kushika waya sita akaota mambo makubwa.

Tuanzie Kalamazoo. Usicheke, ndilo jina la mji, uko jimbo la Michigan huko Marekani. Kiwanda cha Gibson kilikuwa hapo. Mwaka 1952 wakatoa gitaa la umeme la mbao ngumu, wakalipa jina la mpigaji maarufu wa siku hizo, Les Paul. Mwanzoni lilipakwa rangi ya dhahabu. Mwaka 1958 wakabadilisha, wakaweka rangi ile ya jua linapozama, njano katikati na nyekundu pembeni. Wazungu leo wanaliita Burst.

Sasa sikiliza vituko. Gitaa hilo halikuuzika! Lilikuwa zito, bei yake dola mia mbili na hamsini hivi, na vijana wa wakati ule walikuwa wamezimika na magitaa ya Fender, mepesi na yenye sura ya roketi. Gibson walivumilia miaka mitatu tu, 1958, 1959 na 1960, kisha wakalitupilia mbali. Mwaka 1961 wakaleta umbo jingine kabisa, jembamba, lenye mapembe mawili, lile linalojulikana kama SG. Katika miaka hiyo mitatu yalitoka magitaa kama elfu moja na mia tano hivi. Basi. Kiwanda kizima kilishasahau.

Na hata hiyo rangi yenyewe ilikuwa kosa. Wekundu waliotumia haukuhimili jua. Gitaa lililoning'inizwa dirishani pa duka lilikuwa linapauka taratibu, jingine likabaki la njano tupu kama limao, jingine likageuka rangi ya asali, jingine likawa kama chai ya rangi. Mwaka 1960 wakatafuta wekundu usiopauka, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Leo hii hutakuta Burst mbili zilizopauka sawasawa, na wanaozikusanya wanazitambua kwa picha tu, kama wewe unavyomtambua binamu yako kwa mbali sokoni.

Halafu kuna pikapu. Si ile gari ya kubebea nyanya, bwana! Ni kile kisanduku chini ya nyuzi, sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, ambacho ndicho kinasikia mtikisiko wa uzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Pikapu za magitaa hayo ni maarufu kuliko magitaa yenyewe. Zilikuwa na kibandiko kidogo kinachosema hati ya ubunifu imeombwa, haijatoka. Na zilivyosukwa sasa! Mashine zao za kuzungusha waya hazikuwa zikijisimamisha zenyewe kwa hesabu kamili. Mfanyakazi alikuwa anaangalia, akiona kibobini kimejaa, anasimamisha. Akizubaa kidogo kwa stori na mwenzake, waya unazidi. Sumaku nazo walichukua iliyopo. Ndiyo maana pikapu moja inalia kwa ukali, ya pili inalia laini kama inabembeleza mtoto, na zote zimetoka meza moja wiki moja.

Kwa hiyo ukiuliza utamu wa magitaa hayo uko wapi, jibu langu ni kwamba sehemu kubwa uko kwenye uzembe. Rangi isiyodumu, waya usiohesabiwa, na mteja aliyesusa. Kiwanda cha leo chenye kompyuta kinaweza kutengeneza magitaa elfu yanayofanana kama mayai, lakini hakiwezi kuzubaa.

Nani aliyafufua? Waingereza. Mwaka 1964 Keith Richards wa Rolling Stones alianza kuonekana nalo jukwaani. Lakini aliyewasha moto hasa ni Eric Clapton. Mwaka 1966, akiwa na kundi la John Mayall, aliingia studio mjini London na Les Paul yake aliyoinunua kuukuu, akaichomeka kwenye amplifaya ya Marshall, akafungua sauti mpaka mafundi wa studio wakababaika. Ile santuri ilipotoka, kila kijana wa Uingereza mwenye vidole alitaka gitaa lile, na kumbe halitengenezwi tena! Gibson walishtuka, wakarudisha umbo lile mwaka 1968, lakini washkaji walikuwa wameshaamua kwamba tamu ni la zamani. La Clapton mwenyewe liliibwa mwaka huohuo wa 1966, na mpaka leo halijaonekana hadharani.

Leo Burst halali, isiyoguswa, inauzwa kwa dola laki mbili na nusu kwenda juu. Zidisha mwenyewe kwa shilingi, mimi kichwa kinaniuma. Na usidhani wanunuzi wanatania. Wanaifungua nyuma wakaangalie kama risasi ya kuunganishia waya imewahi kuguswa. Wanamulika kwa taa maalumu kuona kama kuna rangi ya juzi. Gitaa lililopakwa rangi upya, hata kama limepakwa vizuri kuliko kiwandani, linaweza kupoteza nusu ya bei. Ukibadilisha pikapu umelipiga kisu. Ajabu ni kwamba matajiri wengi wakishalinunua wanalifungia kwenye kasha la chuma, hewa inapimwa, na mwenye nyumba anaenda kuliangalia Jumapili kama anayezuru kaburi.

Sasa nikupe kisa cha gitaa moja ambalo halikufungiwa. Kwangu mimi hili ndilo lenye raha kuliko yote.

Clapton alipoondoka kwa Mayall, nafasi yake ilichukuliwa na kijana wa mashariki ya London, Peter Green. Mtoto wa mafukara, mpole, umri miaka 19. Naye alikuwa na Les Paul ya 1959. Mwaka 1967 akaunda kundi lake, na kwa ustaarabu wake akalipa majina ya mpiga ngoma na mpiga besi badala ya lake mwenyewe, likaitwa Fleetwood Mac. Ule wimbo "Black Magic Woman" ambao wengi wanadhani ni wa Santana, mtunzi wake ni huyu.

Gitaa la Green lilikuwa na kasoro. Pikapu ya upande wa shingo ilikuwa imefungwa kinyume, na ndani yake sumaku ilikuwa imegeuzwa pia. Mpaka leo watu wanabishana kama ni kosa la kiwandani au ni fundi aliyeitengeneza baadaye. Matokeo yake ni kwamba ukitumia pikapu moja moja, gitaa linalia kawaida. Ukiziwasha zote mbili kwa pamoja zinagombana. Moja inavuta, nyingine inasukuma, sauti nzito zinafutana na inabaki sauti nyembamba, ya puani, yenye uchungu, kama mtu anayeongea huku amezuia kilio. Fundi yeyote mwenye akili timamu angelirekebisha kwa nusu saa. Green hakulirekebisha. Alipiga hivyohivyo, na sauti ile ikawa yeye.

Kisha mambo yakamharibikia. Madawa yalimwingia, akili ikayumba, na mwaka 1970, wakati kundi lake liko juu kwelikweli Uingereza, aliacha kazi. Alikuwa amefikia mahali anaziona fedha kama uchafu, anataka kuzigawa. Mwanzoni mwa miaka ya 70 akamwita kijana wa Belfast, Gary Moore, ambaye alikuwa anamhusudu kupita kiasi, akamwazima lile gitaa. Baadaye akamuuliza kama anataka kulinunua. Moore akasema hana uwezo. Green akamwambia auze gitaa lake mwenyewe, chochote atakachopata ndicho atakachotoa. Moore akauza, akapata fedha, na bado Green hakuchukua zote. Alichukua pauni mia na ushee. Alichotaka, kwa maelezo ya Moore mwenyewe, ni gitaa lipate nyumba nzuri.

Ebu fikiria, pauni mia na ushee!

Moore alikaa nalo zaidi ya miaka 30. Alilipiga mpaka basi. Shingo yake iliwahi kuvunjika kwenye ajali ya gari, ikaungwa. Mwaka 1995 akarekodi albamu nzima ya nyimbo za Green akiwa na gitaa hilohilo, kama shukrani. Mwaka 2006 mkono ulimsumbua, maonyesho yakafutwa, mshiko ukakata, akaliuza. Likapita kwa wafanyabiashara, bei ikatajwa mpaka dola milioni mbili, likawa linazungukazunguka bila mpigaji. Moore akafariki mwaka 2011.

Mwaka 2014 Kirk Hammett wa Metallica, wale jamaa wa rock ya kelele, akaonyeshwa gitaa hilo mjini London. Akalichomeka, akawasha pikapu zote mbili, akasikia ile sauti ya puani. Akalinunua. Na raha yangu ni hii: hakulifungia. Anazunguka nalo dunia nzima, anapiga mbele ya viwanja vilivyojaa, jasho linalidondokea, na wapigaji wenzake anawapa walijaribu. Watu wa makasha ya chuma wanamwona chizi.

Tarehe 25 Februari 2020, Mick Fleetwood, yule mpiga ngoma aliyepewa jina la kundi, aliandaa onyesho la heshima kwa Peter Green kwenye ukumbi wa Palladium, London. Hammett alipanda jukwaani na lile gitaa. Baada ya miaka 50 likawa linapiga nyimbo za mwenyewe, mjini kwa mwenyewe. Green hakufika. Alifariki miezi mitano baadaye, Julai 25, akiwa na miaka 73.

Kijana wangu hapo alinyamaza, chai imepoa. Halafu akauliza swali la maana: "Sasa kaka, nikilipata mimi, nitalia kama yeye?"

Nikamwambia habari ya fidla. Mwaka 2010, kwenye chumba cha hoteli huko Indianapolis, watafiti waliwachukua wapigaji fidla 21, mafundi kwelikweli, wakawavalisha miwani ya giza, wakawapa fidla sita wazipige. Tatu zilikuwa mpya. Nyingine zilikuwa za Italia za miaka karibu mia tatu, mbili zikiwa Stradivarius, zile zinazouzwa kwa mamilioni ya dola. Wakaulizwa, ipi ungependa kwenda nayo nyumbani? Wengi wakachagua mpya. Hawakujua! Sasa fidla si gitaa la umeme, najua, lakini hata mimi nikiambiwa gitaa hili ni la 1959, masikio yangu yanaanza kusikia asali kabla uzi haujaguswa.

Wafanyabiashara wanalijua hilo vizuri. Mwaka 1995 Fender walianza kuuza magitaa mapya yaliyokwanguliwa makusudi. Naam, fundi analitengeneza, analipaka rangi, kisha analibamiza na kulisugua mpaka lionekane limepita baa mia mbili. Na bei inapanda! Ni kama jinzi zilizochanwa magotini, bibi yako akikuona anakuuliza nani kakushambulia. Hata lile gitaa la Green, Gibson walitoa nakala zake mwaka 2023, sumaku imegeuzwa kiwandani kwa makusudi kabisa. Ya kawaida zaidi ya dola 3,000, na ile iliyozeeshwa kwa mkono karibu dola 20,000. Kosa sasa linauzwa kwa risiti.

Nikamwambia pia habari ya Brian May. Huyu ndiye aliyesimama miaka yote kando ya mtoto wa Unguja, Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Mji Mkongwe mwaka 1946, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury. Brian alitaka gitaa la umeme akiwa na miaka 16, nyumbani fedha hakuna. Mwaka 1963 yeye na baba yake wakaanza kulichonga wenyewe. Shingo walitoa kwenye mbao za meko ya zamani, zenye matundu ya wadudu. Springi za kurudisha nyuzi zilitoka kwenye injini ya pikipiki ya mwaka 1928. Ncha ya kile kishikio cha kutikisia sauti ni sindano ya kufumia sweta. Vile vidoto vyeupe vya shingoni ni vifungo vya nguo, alivipata kwenye kikapu cha ushonaji cha mama yake. Iliwachukua kama miaka miwili. Nyimbo nyingi kubwa za Queen unazozijua, gitaa ni hilo, na la aina yake lilikuwa moja tu duniani.

"Springi za pikipiki?" kijana akadakia. Nadhani alikumbuka ya kwake aliyotaka kuuza.

Hapo nikakumbuka na ya kwetu kidogo. Enzi za dansi, magitaa mengi hayakuwa ya wapigaji. Yalikuwa vyombo vya bendi, mali ya chama, shirika au tajiri. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 wanamuziki walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, wana mshahara na vyombo vya ofisi. Ukihama bendi unaacha gitaa ukutani, mwenzako analishika kesho yake. Ndiyo maana sisi tunakumbuka vidole na mitindo, tunajua huyu ni nani kwa noti tatu za mwanzo, lakini ukiuliza lile gitaa lenyewe liko wapi, hakuna anayejua. Yakichoka yalitupwa, au yakafunguliwa vipuri. Wenzetu kila kovu wameliandikia kitabu. Sisi sauti tunazo, mbao hatuna, na sijui kama kuna anayelala macho kwa ajili hiyo zaidi yangu.

Turudi kwenye simu. Nikamwambia nionyeshe picha ya nyuma ya kichwa cha gitaa, pale penye vibano vya kukazia nyuzi. Akaikuza. Namba ipo, inaanza na 9, kama inavyotakiwa kwa gitaa la 1959. Aliyetengeneza alisoma somo lake. Lakini chini ya namba, yamegongwa maneno kwamba limetengenezwa Marekani.

"Si ndiyo uthibitisho huo, kaka?"

Hapana, mdogo wangu. Gibson walianza kugonga maneno hayo nyuma ya kichwa mwaka 1970. Mwaka 1959 hayakuwepo. Hilo ni changa la macho. Feki mia kwa mia, na babu wa muuzaji hajawahi kushika gitaa.

Akanitazama, akaitazama simu, akamwandikia jamaa kuuliza kuhusu maneno yale. Alama zikaonyesha ujumbe umesomwa. Kimya. Baada ya dakika kumi lile tangazo likafutwa.

Ijumaa nilipita pale hotelini kusalimia. Kijana yuko jukwaani na gitaa la bosi, jekundu, jipya, la bei ya kawaida. Mapumzikoni akaniita pembeni, akanionyesha bisibisi. Alikuwa amelifungua mchana akageuza pikapu ya shingoni, bosi hajui. "Sikiliza hii, kaka," akaniambia, akarudi kupanda.

Sijamwambia bado kwamba bila kugeuza na sumaku ya ndani, ni kazi bure. Nilimwacha apige.